Maji yakitoka, nami natoka

Kuna swali naulizwa sana na watu wa bara wakisikia nimeshakaa kisiwani miaka sita, "hivi hujisikii kama umefungiwa?" Wanauliza kwa huruma kabisa, kama mtu anaemjulia hali mgonjwa, na siwalaumu maana hata mi kabla sijahamia nilikua nawaza hivohivo, kwamba ukienda huku bahari, ukirudi huku bahari, wikendi mbili tu umemaliza kila kitu alaf unabaki kutazama boti zinavoondoka. Huwa najibu kwa kifupi tu, hapana bana, pazuri. Ila jibu lenyewe ni refu na juzi nikiwa njiani nimelowa mpaka kiunoni nikasema hili inabidi nilikae chini nilielezee vizuri.

Kitu cha kwanza ambacho kisiwa kilinibadilishia ni saa. Nilikotoka siku ilianza na alamu ya simu, saa kumi na mbili kila siku jua litoke lisitoke, na mazoezi nilikua nayapangia muda kama kikao cha ofisini, Jumanne na Alhamisi jioni, nikichelewa kazini basi ndo yamekufa hayo mpaka wiki ijayo. Hapa bahari haijui Jumanne. Maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, sehemu nyingi za dunia ndo hivo, na kutoka yamejaa mpaka yajae tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hio kila siku yanachelewa kama dakika 50 ukilinganisha na jana. Sababu ni mwezi: dunia ikimaliza kujizungusha mara moja inakuta mwezi nao umeshasogea kwenye njia yake, inabidi iufukuzie kwa hizo dakika 50. Kwa maisha ya kawaida maana yake ni kwamba ratiba inatembea. Leo ufukwe uko wazi saa tatu asubuhi, kesho saa nne kasoro dakika kumi, wiki ijayo ni alasiri, na wewe unasogea nao, kazi ya laptopu unaihamishia maji yakiwa juu, na yakianza kutoka unafunga unavaa raba zako za zamani unaondoka.

Na kuna jambo ambalo kila aliezaliwa pwani analijua ila mi lilinichukua karibu mwaka kulishtukia. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sehemu moja huangukia saa zilezile. Kwetu huku maji ya bamvua hukauka mida ya saa nne asubuhi, na tena mida kama hio usiku, miezi yote. Yakiingia maji mafu, ile wiki ya nusu mwezi, hata yakitoka hayaendi mbali, mwamba haufunuki, na hapo ndo nageukia kilimani au baiskeli. Siku hizi hata sifungui apu ya maji kupwa na kujaa, nikitazama mwezi usiku najua kesho nitakua wapi. Sijui niseme vipi mtu aelewe hii raha, ila kujua kesho yako kwa kutazama juu ni kitu ambacho mjini sikuwahi kukipata hata siku moja.

Asubuhi ya bamvua, ngoja niwapeleke. Unashuka ufukweni unakuta bahari haipo. Kweli haipo, pale jana palipokua na kina cha mtu kuzama leo ni mchanga mgumu wenye mikunjo midogomidogo, na kila mkunjo umebakiza kamstari ka maji, ukikanyaga unauhisi kwenye unyayo kama ubao wa kufulia. Unatembea. Dakika ishirini za mwanzo ni mchanga, alaf majani ya bahari yamelala yote upande mmoja, upande yalikokwenda maji, alaf mwamba wenyewe. Ukisimama ukanyamaza unasikia mwamba unatoa sauti, tik tik tik, vitu vinajifungia, vingine vinanyonya maji, kaa anaburuta kitu chini ya jiwe. Kwenye dimbwi lenye upana wa beseni niliwahi kukaa karibu saa nzima natazama kiti cha pweza anavojigeuza baada ya wimbi kumbinua, alikunja ncha ya mkono mmoja, ikashika, ukaja wa pili, polepole mno, mpaka akalala sawa. Miguu yangu ilikua imekufa ganzi kwa kuchuchumaa na sikujali.

Mzee mmoja jirani ndo alienifundisha kutembea kule. Siku ya kwanza alinitazama navorukaruka mawe kama mbuzi akaniita, "Mwanangu, tafuta mchanga ukanyage mchanga. Pasipo na mchanga, pitia maji. Penye uhai usikanyage." Kuna matumbawe hayafiki hata sentimita 2 kwa mwaka kwenye kukua, we unaweka buti mara moja unavunja kitu kina umri kuliko watoto wako. Tangu siku ile natembea nikitazama chini, na mwendo wa namna ile nawaambia si mchezo, vifundo vya miguu, mapaja, mgongo, vyote vinafanya kazi bila we kujua, jioni ndo unashangaa mbona usingizi unakuja mapema hivi.

Hilo ndo nadhani watu wa bara hawalioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kuushughulisha mwili kwa kiwango cha wastani kila wiki, na nilipokua mjini hizo 150 zilikua vita. Nilikua mwanachama wa jimu nikalipia mwaka mzima. Hapa sihesabu. Sio kwamba nimekua mtu mwenye nidhamu kuliko zamani, mtu ni yuleyule, ila mahali pameniondolea kile kipengele cha kujilazimisha. Dukani kwa miguu, kumtembelea rafiki unakata kilima kwa sababu barabara inazunguka na kilima ni kifupi, ukitaka kuona jua likizama inabidi uvuke upande wa pili. Na kizuri zaidi ni kwamba kila siku kuna sababu ya kutoka ambayo kesho haitakuepo. Jimu ipo kesho na keshokutwa kwa hio unaiahirisha. Bamvua ukiikosa unasubiri wiki mbili.

Upepo nao una zamu zake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, ya baharini inaingia kuziba nafasi, basi kuanzia saa tano hivi upepo unatoka baharini na alasiri unakua na nguvu. Usiku nchi inapoa haraka kuliko bahari, mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda nje, wavuvi wanauita umande, na ndo wanaoutumia kutokea alfajiri. Mi nimeupangia kayaki kwa hesabu hio. Saa kumi na mbili asubuhi maji yametulia kama mafuta, kasia likiingia unasikia tone moja moja linavodondoka kutoka kwenye ncha, naenda mpaka kwenye rasi, na kabla ya saa nne niko nchi kavu. Kuna umuhimu hapo, ule umande unaokusaidia kutoka ndo huohuo unaokusukuma nje ukichoka, kwa hio safari ya kwenda ikiwa rahisi mno mi naanza kuwa makini, najua kurudi kutanidai.

Baiskeli ni somo lingine la upepo. Ukizunguka kisiwa hakuna ujanja, lazima kuna upande utakupiga usoni. Upande wa joshi, ule unaopokea upepo, ni kusukuma tu, gia ndogo, kichwa chini, masikio yanavuma, chumvi inakauka kwenye nyusi. Ukigeuka upande wa demani ghafla kimya, unasikia mpaka cheni yako, joto linakushika na jasho lote lililokua linapeperushwa linaanza kushuka. Hata mimea inabadilika hapo. Kwenye visiwa vyenye milima mirefu tofauti inakua kubwa ajabu, Kauai kule Hawaii mlima wa Waialeale unapokea zaidi ya milimita 9,000 za mvua kwa mwaka na upande wa magharibi wa kisiwa hichohicho ni pakavu, udongo mwekundu tupu. Yaani mtu anaamka msituni kwenye ukungu na kabla ya mchana yuko nchi nyingine kabisa, na hajapanda ndege wala feri.

Sitaki mtu asome hapa akadhani ni raha tupu. Chumvi inakula kila kitu, cheni ya baiskeli nisipoisuuza kwa maji baridi na kuipaka mafuta wiki moja tu imeshika kutu. Jua saa zile za kati, saa nne mpaka saa kumi, linachoma mara mbili, moja la juu na moja linalorudi kutoka kwenye maji. Kuna wiki bahari inachafuka boti hazitoki, na mtu akiumia vibaya hospitali kubwa iko ng'ambo, hilo jambo linanikaa kichwani kila ninapopanda mahali pa juu peke yangu na limenifanya niache kupanda peke yangu.

Na kuna mkondo. Mwaka wangu wa pili niliingia kuogelea ghuba niliyoizoea, siku hio mawimbi yalikua makubwa kiasi, yanavunjika kushoto na kulia ila katikati palikua pametulia vizuri, maji meusi kidogo, nikasema hapo ndo njia. Kumbe pale palipotulia ndo maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanapotokea kurudi nje. Dakika mbili nikageuka, ufukwe uko mbali. Nikaanza kuogelea kurudi kwa nguvu zangu zote, nikiinua kichwa mti ninaoulenga haujakua mkubwa hata kidogo. Mkondo wa namna hio ukiwa na nguvu unaweza kufika mita 2 kwa sekunde, na hao mabingwa wa dunia wa kuogelea mita 100 ndo wanaenda karibu na hapo, tena kwenye bwawa lisilo na wimbi. Kilichoniokoa ni kwamba nilichoka mapema, nikalala chali kuvuta pumzi, mkondo ukanipeleka pembeni kidogo nikaona mawimbi yananipita yanaelekea ufukweni, nikayafuata. Baadae ndo nikajifunza kwamba nilifanya kwa bahati kile kinachotakiwa kufanywa makusudi: usishindane nao, elea, alaf ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, ndo ugeuke. Mkondo wenyewe ni mwembamba. Mtu anazama kwa kupigana nao. Siku hizi kabla sijaingia nakaa dakika kumi nzima natazama maji, na mgeni yeyote anaekuja kwangu namkalisha hapohapo kwenye mchanga namuonyesha, pale palipotulia katikati ya mawimbi, usiende.

Cha ajabu ni kwamba baada ya siku ile niliipenda bahari zaidi. Si kwa kukikaribia kifo, hapana, ni kwa sababu ilikua mara ya kwanza nimejua kitu kwa mwili wangu na sio kwa kusoma. Na nadhani ndo maana wanawake wa Jeju, kile kisiwa cha Korea Kusini, wananivutia sana. Wanaitwa haenyeo, wanazamia mita 10 hivi bila mtungi wa hewa, pumzi moja tu kama dakika nzima au zaidi, kukusanya vya baharini, na wengi wao walio kazini leo wamepita miaka 60, wapo wa 70 na kuendelea. UNESCO iliuweka utamaduni wao kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2016. Wakiibuka juu wanatoa pumzi kwa mluzi, wenyewe wanauita sumbisori, na inasemekana ufukweni unasikika kabla hujawaona. Wanapangwa kwa uzoefu, ngazi tatu, na wa ngazi ya chini wanajifunza kwa wale wa juu wapi kina kikoje, mkondo unapitaje, pumzi inatosha mpaka wapi. Mama wa miaka 75 anaejua pumzi yake inaishia wapi, mi namuona ana utajiri mkubwa sana.

Kisiwa hichohicho kina kitu kingine. Mwaka 2007 mwandishi wa habari mstaafu, Suh Myung-sook, mzaliwa wa huko, baada ya kutembea ile njia ndefu ya mahujaji ya Santiago kule Hispania, alirudi kwao akaanza kufungua njia za miguu, zinaitwa Olle, kipande kwa kipande kufuata pwani, na leo zimekizunguka kisiwa chote, zaidi ya kilomita 400. Nikasoma hio habari nikaelewa hamu yangu mwenyewe. Mtu akikaa kisiwani kidogo tu anaanza kuwashwa na wazo la kukizunguka. Ukikaa bara huwezi kuimaliza nchi kwa miguu, ila kisiwa kina ukubwa ambao mwili unaweza kuuelewa, unaanzia mlangoni kwako, bahari umeiweka kushoto, unatembea, na ukiendelea tu bila kugeuka unafika mlangoni kwako. Hata yale mashindano ya Ironman yalizaliwa hivo, Oahu, Hawaii, mwaka 1978, John Collins na mkewe Judy walichukua mbio tatu ambazo tayari zilikuepo pale kisiwani, ya kuogelea, ya baiskeli ya kuzunguka kisiwa, na maratoni, wakaziunganisha siku moja: kilomita 3.9 majini, 180 kwenye baiskeli, 42.2 kwa miguu. Walianza watu 15, wakamaliza 12, wa kwanza Gordon Haller kwa saa 11 na dakika 46. Mi sina mpango wa hayo. Ila kule kuzunguka, nauelewa kabisa.

Chetu kina kilomita 34 kwa pwani. Mi na rafiki yangu tulianza mwaka jana kujaribu kukimaliza kwa siku moja, na tatizo ni kaskazini, kuna jabali limeingia mpaka baharini na njia pekee ni kupita chini yake maji yakiwa yamekauka, unazo saa mbili kabla na saa mbili baada. Mwezi uliopita tulienda siku ya mwezi mpevu, maji yanakauka saa nne, tulitakiwa tuwe pale kabla ya saa sita mchana. Njia nzima tulikua vizuri, ila kwenye hori la tatu maji yalikua safi kupita maelezo, tukasema tuingie dakika tano, tukatoka baada ya saa nzima. Tukafika kwenye jabali saa saba kasoro.

Bado mchanga ulikua unaonekana. Nikasema tukimbie. Rafiki yangu, yeye ni mzaliwa wa hapa, akanishika mkono akasema subiri, tazama lile jiwe. Mabaharia wana hesabu yao, ukigawa maji yote ya kujaa mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, alaf yanapungua, mawili, moja. Sisi tulikua katikati ya saa ya tatu. Jiwe lenyewe lilikua na kimo cha goti. Tulikaa tukalitazama, na kwa muda wa kuvua raba na kukung'uta mchanga likawa halipo.

Tukarudi nyuma tukapanda kwenye ukingo mpana wa mwamba ulio juu ya alama ya maji ya bamvua, na hapo ndo ikawa siku yetu. Tulikaa pale masaa saba na zaidi. Tulikua na maji ya kunywa, kivuli cha jabali, hakuna mtandao. Tuliona maji yanapanda mpaka yakafunika kila tulichokua tumekanyaga, tukaona ndege wanahama, wanasogea juu kadiri mchanga unavopungua, mwisho wakajazana kwenye ukingo uleule wetu, mita chache tu kutoka kwetu, wamefumba macho. Tuliongea mambo ambayo kwa miaka mitano ya urafiki hatukuwahi kuyaongea. Saa kumi na kidogo maji yakasimama. Ukikaa unatazama unaiona kabisa ile dakika, kamba ya mwani iliyokua inavutwa ndani inalegea, inabaki inaelea, alaf taratibu inaanza kunyooka upande wa pili.

Jua likazama nyuma yetu na mwezi ukatoka mbele, mkubwa, karibu wakati mmoja, mwezi mpevu ndo kawaida yake. Saa mbili usiku na dakika kama ishirini lile jiwe likatoa kichwa. Tukashuka. Chini ya jabali mchanga ulikua unang'aa kwa kulowa, mwezi unaingia kwa pembeni mpaka ukutani, na kila hatua tuliyoweka ilibaki nyeusi sekunde moja alaf inajaa maji inafutika. Hatukuwasha hata tochi.

Nyumbani tulifika saa sita na nusu usiku, na kimahesabu kisiwa tulikizunguka ndani ya siku moja, ila rafiki yangu anasema hio haihesabiki kwa sababu tulilala katikati. Mwezi unapevuka tena Jumamosi hii. Tunatoka saa kumi alfajiri, hori la tatu tunapita bila kuligusa, na nafasi ya mtu wa tatu ipo, aje na raba ambazo haogopi kuzilowesha.